Mwenye Kinu

Nimesimama jukwaani, pamba mkononi
na mate yangu mwenyewe, maana hakuna dawa
ing'oayo masizi ya mishumaa kwa upole kama mate.
Kanisa la misonobari, Maramuresh, kaskazini ya Rumania.
Nje, theluji ya Machi inaanza kuoza.
Ndani, ukuta wa magharibi: Siku ya Mwisho.

Mto wa moto unatoka miguuni pa kiti cha enzi,
unateremka hadi kimo cha magoti ya waumini.
Mchoraji hakuwa na haya. Aliwajua watu wake.
Kamtia muuza pombe aliyeongeza maji pipani,
kamtia mlala Jumapili, shetani akimpepea,
na chini kabisa, pembeni, mwenye kinu,
jiwe la kusagia shingoni,
kwa kuwa kibaba chake kilikuwa na kitako cha uongo.
Jina limeandikwa: Gavrila.
Kuchomwa hakukutosha; ilibidi asomeke.

Kila asubuhi huja bibi mmoja, Anuca,
na maziwa katika chupa ya soda.
Haketi. Hutazama ile pembe ya chini.
Siku ya nne akasema: "Huyo ni wetu."
Shuleni walimwita Binti Kinu,
na mwanawe vivyo hivyo, na mjukuu aliye Italia:
hata huko alitokea mtu wa hapa, akamnong'oneza mchumba.
"Hayo masizi," akasema, "si ungemwachia?
Ndilo blanketi pekee alilopata."

Nikampelekea padri Ilarie, kijana, ndevu bado chache.
Hakucheka.
"Tukiifuta hukumu," alisema,
"yule mjane aliyepunjwa unga akalilie wapi?
Naye alikuwa na watoto. Naye hakuchorwa popote."

Nikamrudishia Anuca neno hilo kama lilivyo.
Akalikubali. Akahesabu kwa vidole, kisha akauliza:
"Miaka mia mbili na arobaini, na jiwe shingoni.
Ni magunia mangapi hayo?"

Sina mizani ya kupimia jambo hilo.
Nikashuka jukwaani, nikapiga magoti, nikalowesha pamba.

Masizi yakatoka kama usiku utokavyo, kwa madoa.
Mashetani nikawakuta hawana macho;
wanawake wa kale waliyadungua kwa sindano.
Ndimi za moto zikaibuka, nyekundu kama za juzi.
Jiwe likaibuka. Shingo. Bega.
Kisha mkono wa kuume, na hapo moto ukakatika.

Hapakuwa na rangi. Ubao mtupu,
unang'aa kama mpini wa jembe la urithi.
Si kisu; kisu huacha kingo.
Si maji, si panya.
Ni vidole.
Vidole vya watu, kizazi baada ya kizazi,
ibada ikiisha, wakijifanya wanainama kufunga kiatu,
wamemshika Gavrila kifundo cha mkono
hata moto ukalika.

Kanuni ya kazi yetu ni fupi: palipopotea, usibuni.
Lakini hapa kimepotea nini?
Niliandika daftarini: *hasara, sentimita sita kwa nne.*
Nikalifuta neno hasara.
Sikupata jingine.

Jumamosi ya wafu Anuca alichemsha ngano,
kaitia asali na jozi, kaileta kanisani
bakuli limejaa pomoni.
Ngano, kwa ajili ya mwizi wa unga.
Akawagawia wote, hata wale wa Binti Kinu,
kijiko kwa kijiko, bila kukwangua juu.

Kisha nikamwona pembeni,
ameinama kufunga kiatu.

Alikuwa amevaa mabuti ya mpira.
Hayana kamba.