Maganda Arobaini na Tisa

Nimerudi Koppang, theluji mabegani,
na kabla sijavua buti baba ananyosha mkono.
Si kunisalimu. Anataka maganda.
"Hamsini yalitoka hapa," asema,
kama mwenye nyumba adaiye kodi.

Ndizo Jumamosi zetu.
Asubuhi mimi hulenga shabaha, mita mia tatu;
alasiri yeye, chini ya nyumba, kando ya jiko la kuni,
huyafufua niliyoyaua.
Huyasugua hadi shaba icheke.
Hulikagua kila moja shingoni kwa kioo cha kukuzia,
na lenye ufa halina msamaha, huenda kwenye kopo la jemu:
"Limechoka. Nalo limezaa mara nane."
Kisha fataki, pana kama dengu.
Kisha baruti, chembe juu ya chembe, mizani ikitetemeka;
haba na haba, ila kibaba hiki
kikifurika hula jicho la aliyekijaza.
Mwisho mkono wa mtambo unashuka,
na risasi inaketi mahali pake
bila kelele, kama mgeni aliyechelewa ibadani.

Miaka thelathini na mmoja alipasua magogo kiwandani.
Alistaafu na vidole vinane,
na daftari ambamo kila kitu kimo:
tarehe, uzito, baridi ya siku ile.
Siku tuliyomzika mama imo pia.
*Kumi na tisa chini ya sifuri. Upepo hakuna.*

Leo, mlio wa thelathini na tatu.
Nilivuta pumzi, nikaachia nusu, nikabonyeza.
Pu.
Kizibo tu. Bega langu halikusukumwa.
Kidole kilikuwa tayari kinaitaka inayofuata,
lakini Torgeir, kulia kwangu, akapiga kelele, "Gunnvor, acha!"
Tukafungua. Ganda likatoka na tumbo safi,
halina masizi, halijawahi kula.
Risasi yake imekwama njiani, katikati ya mtutu.
Tuliisukuma kwa ufito, hatukusema neno.
Ningefyatua ya pili juu yake

Bandu bandu huisha gogo.
Siku zote nilidhani ni habari za misumeno.

Sasa anahesabu juu ya meza,
akiyapanga kumi kumi, midomo ikienda.
"Arobaini na tisa."
"Moja limezama kwenye theluji, baba."
La hamsini limo mfukoni mwangu, linanichoma paja.

Ananitazama.
Banda la kulengea lina paa na sakafu ya mbao;
ni yeye aliyezipiga misumari,
kiangazi kile nilichoanza shule.

Anachukua kalamu. Anaandika *49*.
Kalamu inabaki pale pale, karibu na tisa,
wino unatanuka kuwa doa.
Kuni zinapasuka jikoni, mara moja, mara mbili.
Kisha anaisukuma mizani polepole
mpaka inanigusa mkono.

"Wewe una macho," asema. "Mimina.
Mimi nitakuwa nahesabu."

Anahamia kwenye kigoda, karibu na kopo la jemu.
Nami naketi pale alipoketi,
juu ya mto uliofumwa na mama,
na kiti bado kina joto.