Pilau ya Chumba cha Sita

Kosa hili halipigi kelele.
Linakuja mara moja katika usiku kumi na moja,
saa ambayo feni za seva, pale Kijitonyama,
zinahema kama mtu aliyepanda ngazi na gunia.
Namba ya huyu inaandikwa kwenye ukurasa wa yule,
na mashine inaendelea, haina habari.

Sikitu, umelala? Rweyongeza anauliza.
Sijalala. Nasoma kiini cha mfumo, mstari kwa mstari,
pale anwani ya kudhania inapogeuzwa anwani ya kweli,
na ninachokiona ni Mburahati.

Nilihama Mburahati mwezi wa Rajabu.
Bi Zamoyoni, mwenye nyumba, alinifuta kwenye daftari lake la kaunta
kwa kalamu nyekundu, mstari ulionyooka,
na siku ileile chumba cha sita akampa kijana wa chuo
aliyekuja na godoro na ndoo.
Daftari lilikuwa sahihi. Naapa, daftari lilikuwa sahihi.
Lakini Shomvi wa bodaboda hasomi daftari.
Shomvi ana kichwa chepesi: ukisema "kwa Sikitu"
pikipiki imeshakata kona.
Ijumaa tatu shangazi yangu wa Magomeni alinitumia pilau
(hakupiga simu; mkarimu haulizi kama umeshiba),
Ijumaa tatu ikafika chumba cha sita, ingali ya moto,
na kijana akala, akashukuru,
akawaambia kwao Namtumbo kwamba watu wa Dar wana roho nzuri.
Hakuna aliyelalamika.
Shangazi alijua nimekula. Shomvi alijua amefikisha.
Mimi nilijua nimesahauliwa.

Jiji hili wenyewe tunaliita Bongo;
prosesa yetu ina bongo nane,
na kila ubongo una Shomvi wake
anayekumbuka mlango ili asipoteze muda kuuliza.
Kufuta daftarini hakutoshi.
Lazima umwite kila Shomvi, kijiwe kwa kijiwe,
Kigogo, Mabibo, Makuburi: sahau chumba cha sita,
na usimpe mtu ufunguo
hadi wote wanane wajibu, nimesahau.

Na mimi hilo nililiandika. Ndilo linaloniuma.
Niliandika: futa. Kisha: ita. Kisha: toa ufunguo.
Kwa utaratibu, kama anayemfundisha mtoto kunawa.
Lakini chuma kina haraka ya mjini;
kikiona maneno mawili hayajashikana mikono
kinatanguliza lililo karibu.
Ubongo wa tatu uliuona ufunguo
kabla haujauona mstari mwekundu.
Haraka haraka haina baraka, tuliambiwa,
ila waliotuambia hawakuwa na chipu ya kuuza.

Saa tisa na robo nikaongeza mstari mmoja.
Haujumlishi, hauhifadhi, hausomi kitu.
Unasimama tu mlangoni:
wa nyuma hapiti kabla wa mbele hajaonekana na wote.
Rweyongeza akauliza kama unapunguza kasi.
Unapunguza, nikamwambia. Kidogo.
Akakuna kidevu, akaandika gharama yake ubaoni.

Tutajua kama umetibu baada ya usiku kumi na moja,
na hata hapo tutakuwa tunajua tu
kwamba halijatokea.

Alfajiri nikampigia Shomvi. Nyumbani, nikasema.
Nilishamwambia Tabata. Aliapa amesikia,
aliomba radhi ya pilau hadi nikaona haya.
Nikapanda, nikasinzia mgongoni mwake,
helmeti ikigongana na helmeti.
Nilipofumbua macho tulikuwa tumesimama.
Ukuta wa bluu. Bomba linalovuja. Taa ya chumba cha sita inawaka,
kijana anasoma kwa sauti, anajifunza jambo kwa kulirudia.
Shomvi akazima injini, akashika kichwa chake.
Mimi sikuwa na la kumlaumu.
Nilikuwa nimeshashuka,
mkono umo mkobani,
vidole vinautafuta ufunguo.