Mstari wa Sifuri

Saa kumi na mbili asubuhi, Isongole,
ukungu umekalia mizani kama mgeni asiyeaga,
na Tusajigwe, glovu zake amezikata ncha za vidole,
anafungua programu niliyoiandika mimi
kwenye chumba cha kupanga, Mwanjelwa, juu ya duka la vipuri.

Skrini inawaka. Majina mia moja arobaini na mawili.
Moja tayari limevaa buluu
kabla hajaligusa mtu.

Ni mimi niliyetaka hivyo.
Mashine huanza kuhesabu na sifuri,
nami nikaiambia: ukurasa ukifunguka, chagua mstari wa sifuri,
jicho lipate pa kuanzia,
kidole chenye baridi kiokoe mguso mmoja.
Nilijiona mwema.

Mstari wa sifuri ulikuwa Aliko Mwakalobo.
Alfabeti ndiyo iliyomweka pale.
Ng'ombe wawili, lita tisa, kumi na moja majani yakiwa mabichi,
ndoo ya alumini yenye mkono wa waya.
Kila asubuhi alikuta jina lake limemtangulia,
akacheka: "Simu yako inanijua."

Januari akafa. Kifua.
Orodha haikupewa taarifa.

Jumanne moja foleni ilifika barabarani,
lori la kiwanda linapiga honi,
Tusajigwe anaandika lita, anahifadhi, anaandika, anahifadhi,
na maziwa ya Lwitiko, ya mama Bupe,
ya yule kijana wa Ngumbulu asiyesalimia,
yakamiminika yote
kwa mtu aliyelala nyuma ya shamba la viazi.
Na Jumatano. Na siku ambazo hatukuzijua.

Mwisho wa mwezi akaja Sekela, mjane,
sweta juu ya kanga, kanga nyingine juu ya sweta,
akaweka noti mezani, amezifunga kwa uzi.
"Elfu thelathini na nane.
Marehemu hakamui."

Nikarudi Mbeya, nikakesha.
Nikaiambia: mkumbuke aliyeguswa mwisho. Haikumkumbuka.
Nikaiamuru: chagua mstari wa ishirini na saba. Ikabaki nyeupe.
Saa nane usiku, mbwa wa jirani amechoka kubweka,
nikaona kosa:
nilikuwa nachagua kabla majina hayajafika.
Ukurasa hufunguka ukiwa mtupu,
orodha huja nyuma yake, ikipanda mlima kwa mtandao wa kusuasua,
na mimi nimeshanyoosha kidole
kwenye jedwali lisilo na mtu,
nimeshasema: wewe.

Nikaongeza subira, robo ya sekunde.
Majina yakaja, yakakaa, kisha buluu ikashuka
palepale nilipoituma.
Nilipiga kofi peke yangu chumbani.

Nikampelekea Tusajigwe.
Haya, sasa tumwashe nani?
Anayewahi? Anayeleta nyingi? Wa jana?
Alikuwa anapuliza chai.
"Usimwashe mtu," akasema.
"Mtu atakuja, ataweka ndoo, atataja jina lake."

Siku tatu za kukesha, mistari minne.
Nikaifuta nimesimama, simu moja mkononi, nyingine sikioni.

Sekela sasa ndiye anayeleta,
mstari wa mia na kumi na nane,
kidole huvuta na kuvuta mpaka kumfikia.
Leo amechungulia skrini ikifunguka.
Majina yote meupe, sawasawa, kama mashuka kwenye kamba.
"Mlimfuta?"
Nikasema hapana, mama, tumezima taa tu.
"Yuko?"
Nikavuta orodha hadi juu, hadi sifuri.
Kwa Kinyakyusa jina lile ni jibu,
kwa Kiswahili ni nusu ya swali.
Akalisoma polepole, midomo ikitoa moshi wa baridi:
Aliko.

Nyuma yetu mtu akagonga ndoo.
Foleni, jamani.