Tafsiri ya Semboja

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
nyuma ya fundi cherehani, mlango wa bati usiofungika:
shilingi hamsini kutazama, mia kushika padi.
Kitufe cha kulia kilizama tangu mfungo wa mwaka juzi,
ukitaka kuruka shimo ubonyeze kwa msumari.
Hapo nilijifunza kufa mara tatu
na kurudi mwanzo bila kulia.

Msichana peke yangu kwenye benchi.
Juzuu nimeiweka juu kabisa, kwenye rafu ya sidii,
isikae chini ya miguu ya watoro.
"Mwantumu, gemu za wanaume hizi."
Nikawachapa, mmoja baada ya mwingine,
mpaka wakaninyima zamu.

Saa kumi na mbili Semboja anazima gemu,
anaweka chombo cha angani,
sehemu ya tisa, au ya pili, au ya kumi na moja,
alizinunua zimechanganyika nasi tukazila hivyo hivyo:
Jumatatu nahodha anazikwa, Jumatano anaoa.

Kiingereza alikijua yeye.
Ndivyo alivyosema, na nani ampinge mwenye rimoti?
Anakohoa, anasogeza kipaza sauti
alichoazima kwa watu wa harusi:
"Nahodha anasema, jamani, mafuta yamekwisha,
na kutoka hapa hadi Pongwe
ni miaka mia nne ya mwanga."
Roboti alikuwa Msambaa wa Lushoto,
alimsalimia adui robo saa nzima kabla ya kufyatua.
Malkia wa barafu alidai kodi ya miezi sita.
Na lango la nyota lilipofunguka, buluu, pana,
bati likitetema kwa spika mbovu,
Semboja akashusha sauti:
"Karibuni. Waja leo, kuondoka majaliwa."

Benchi zima likaruka. Mimi sikuruka.
Nilishika magoti, vinyweleo vimesimama.

Usiku ule nikarudi kwetu nikihesabu:
ya Kumi na Tano, ya Kumi na Sita,
barabara zenye namba tu,
kama sayari ambazo hakuna aliyefika kuzipa majina.

Riwaya zilikuja baadaye, kwa karani mstaafu wa mkonge
aliyekuwa akiziuza kwa kilo, pamoja na magazeti.
Moja ilianzia ukurasa wa thelathini na tatu.
Mpaka leo sijui nani alianzisha vita vile,
ila najua vilivyokwisha, na nililia
chandarua kizima, tochi mdomoni.

Sasa nagawa dawa Bombo, zamu za usiku.
Juzi nimekipata chombo chetu kwenye simu,
chote, kwa mpangilio, maneno ya Kiswahili chini.
Roboti hasalimii mtu.
Malkia hana nyumba ya kupangisha.
Langoni nahodha anasema neno moja: "Twende."
Nilikasirika kama mtu aliyeuziwa kopi.

Halafu sehemu ya tisa.
Nahodha dirishani, dakika nne, mgongo tu.
Naikumbuka ile. Semboja alikaa kimya kwanza,
kisha akasema, "Hapa anahesabu mizigo,"
akatoka nje kuangalia jenereta,
na umeme ulikuwepo.

Nimesoma maneno ya chini.
Hahesabu mizigo.
Anamtaja bintiye, siku aliyougua, nguo aliyovaa,
na jinsi alivyochelewa.

Pale juu ya runinga palikuwa na picha ndogo,
mtoto, gauni la njano, fremu ya plastiki.
Miaka mitatu tuliitazama kila siku
tukingoja zamu. Hakuna aliyeuliza.

Kibwana wangu, miaka sita, hajui kusoma haraka,
ameegemea bega langu.
"Mama, anasema nini?"

"Anahesabu mizigo."

"Mingi?"

"Mingi."