Boti Inayomeza Ziwa

Tulifika Igombe jua halijapanda mawe,
mimi na shemeji Kwilasa, hela ndani ya soksi,
soksi ndani ya buti, na buti linanibana
kama deni la mtu mwingine.

Boti imelala mchangani, nyeupe, imepigwa rangi juzi.
"Ukiona kaburi limepakwa chokaa," akasema Kwilasa,
"ujue kuna mtu ndani."

Hii haina pangaboi la kuning'inia nje.
Inameza ziwa kwa tumbo, inalitema kwa nyuma,
ndiyo inakwenda. Basi anza na koo.
Lala chali mchangani, usilionee huruma shati,
pitisha mkono kwenye wavu wa chini mpaka kiwiko,
papasa.
Mimi nilitoka na mzizi wa gugu maji, mkavu kama nywele,
na uzi wa nyavu ya dagaa uliojisokota kwenye shafti
mzunguko juu ya mzunguko.
Mapanga ya ndani mchanga umeyalamba,
yamekuwa butu kama kijiko cha uji;
kati ya panga na ukuta wake kucha ya gumba ilipita.
Nguvu inavujia hapo.

"Haijawahi kuonja bahari," akaapa Mugeta.
Nikakwangua unga mweupe pembeni ya bolti,
nikaulamba mbele yake.
Ziwa letu halina chumvi, Mugeta.
Akatazama majini kana kwamba ameitwa.
"Labda Tanga. Labda miaka miwili."
"Punguza milioni," akasema Kwilasa, bila kugeuka.

Gusa injini kabla salamu hazijaisha.
Ikiwa ya moto, imeamshwa alfajiri ili isikohoe mbele yako;
kaa, omba uji, ngoja ipoe.
Tulikunywa uji wa ulezi vikombe viwili viwili.
Kisha chomoa kijiti cha oili:
nyeusi ni uzee, na uzee si dhambi;
ikiwa rangi ya chai ya maziwa, aga.
Ilikuwa nyeusi.

Namba ya ubavuni ilingane na ya kwenye karatasi.
Tarakimu moja ikikataa, boti ina mwenyewe,
na wewe ni shahidi.

Gonga faiba kwa sarafu, toka pua hadi mkia:
ko, ko, ko, ko.
Ukisikia *pu*, simama.
Tuliisikia mara moja, chini ya kiti cha dereva.
Nikainua kiti. Mbao imelainika, eneo la kiganja,
na juu yake daftari la shule
lenye jedwali la kuzidisha nyuma,
mwandiko wa mwanamke, umeinamia kulia kama matete:

*Igombe–Nansio, abiria wanane, petroli lita sitini.
Nansio–Igombe, abiria watatu, petroli lita sitini.
Jumatano gugu maji, tumerudi kwa kasia.
Mama mjamzito wa Ukara, usiku. Hatukudai.*

Halafu ukurasa mzima wa petroli tu.

Nyangeta, mke wa Mugeta, alikuwa anaanika dagaa,
hakutia neno tangu tufike.
Akaja akifuta mikono kwenye kanga.
"Kilema chake ndicho hicho. Hivyo vingine ni umri.
Inakunywa."

Hakuna fundi wa Kirumba angeniambia hivyo kwa ada yoyote.
Kwa hiyo tafuta daftari.
Kama hakuna daftari, tafuta mke.

Tuliisukuma majini robo saa.
Ukiachia mafuta, usukani unageuka pambo:
jeti haikati kona bila kusukuma.
Hiyo ni tabia, si ubovu,
ila uijue kabla mawe hayajakufundisha.

Tuliinunua.
Watoto huniuliza kwa nini, na mimi hesabu nilikuwa nimeziona.
Usiku, Ukara ni mbali; sina jibu lingine.
Milioni mbili chini ya bei ya kwanza,
daftari tukapewa bure.
Kurasa tano za mwisho ni mwandiko wangu.
Mimi ninainamia kushoto.