Mlima wa Watu

Twalib alikuja na viatu vya mlima,
vya ngozi, vya kamba nyekundu, vyenye meno chini.
Vilishafika kwenye barafu, alisema, kule Mlima Kenya,
na mkononi ana saa inayojua
umeiacha bahari kwa mita ngapi.
"Shangazi, nyinyi huku mna mlima?"
Tunao, nikamwambia. Kesho baada ya alfajiri,
kabla jua halijashika hasira.

Alfajiri gani. Chai, mahamri, tena chai,
simu ya mchumba isiyokwisha.
Tukatoka Shela saa tatu, mwezi wa pili,
mwezi ambao hata punda hujibanza
kwenye kivuli cha ukuta na hasukumiki.

Nikavua ndara, nikazifunga kwenye pindo la leso.
Miaka ishirini na sita nimesoma mita za maji mji huu,
goti langu la kushoto halipendi ngazi,
lakini mchanga si ngazi. Mchanga ni deni:
unalipa hatua mbili, inahesabiwa moja.

Yeye akatangulia kwa kifua.
Nikamwona anapanda huku anashuka,
mteremko ukimmiminikia miguuni
kama mchele wa gunia lililopasuka.
"Huu mlima hauna hata jiwe la kushika?"
Hauna. Jishike mwenyewe.

Nikamfundisha: pita mgongoni,
pale upepo ulipopiga pasi.
Kanyaga kama unaingia chumba cha mtoto aliyelala.
Na usiutazame juu. Ukiutazama, unajirefusha.

Njiani tukakuta jiwe la mpaka, la saruji,
limechomoza kama jino la mwisho la mzee,
namba zake nyekundu bado zasomeka.
Mwenyewe aliwahi kunionyesha karatasi, mihuri mitatu.
Kusi likavuma, kaskazi likavuma,
kiwanja kikahama, hati ikabaki.
Twalib akacheka hadi akakaa chini,
akaruka upesi: makalio yameungua.

Juu.
Ni pale tu mchanga ulipokosa pa kwenda.
Huku bahari, imewaka, haitazamiki;
huku mikoko, na mnara wa Shela mweupe kama chaki.
Akatazama saa. Akaigonga. Akatazama tena.
"Mita hamsini na nne,"
kama anayesoma matokeo ya mtihani
ya mtoto wa jirani.

Mimi nilikuwa natafuta kijiti cha mkoko
alichokichomeka Bunu, babake,
siku tuliyopanda mwisho, yeye akikohoa, akikana kwamba anakohoa.
Hakipo. Wala kile kilele hakipo.
Nikanyosha kidole mbele, kwenye hewa tupu,
kimo cha mnazi kutoka ardhini:
Pale. Babako alisimama pale.

Twalib akapatazama.
Hakuuliza chochote, na saa hakuitazama tena.
Muda ukapita. Nikampa chupa,
akanywa nusu kwa pumzi moja.
"Matamu. Ya wapi?"
Ya chini ya miguu yako.
Mvua huingia humu bila kubisha hodi,
hushuka polepole, chembe kwa chembe,
hadi kwenye visima ninavyovisomea mita.
Mji mzima unakunywa mlima huu, mwanangu,
na babako aliunywa, na wewe ulioshwa nao
siku saba baada ya kuzaliwa.

Kushuka hakuna hadithi. Alivua viatu,
akakimbia akipiga kelele kama wa miaka tisa,
nami nikateremka kwa makalio, leso chini yangu,
nikiomba nisionwe na mtu wa ofisini.

Nyumbani akavikung'uta viatu sakafuni.
Mamangu, ambaye siku hizi huona kwa masikio,
akaacha tasbihi katikati ya hesabu:
"Mtanga huo ni wa watu. Urejesheni."
Tukacheka. Nikauzoa kwa kibao, nikautia bakulini,
nikausahau.

Asubuhi, kabla ya adhana, nikaamka kunywa maji.
Viatu vilikuwa mlangoni, kamba zimefungwa pamoja.
Saa ilikuwa mezani, ikihesabu peke yake.
Bakuli halikuwepo.