Visanduku vya Viatu

Baba aliacha visanduku kumi na saba vya viatu
na ndani yake hakuna kiatu hata kimoja.
Ni kadi tu, zilizokatwa kwa mkasi wa jikoni
kutoka fomu kuukuu za hospitali ya Coimbra,
alikosukuma machela usiku, miaka thelathini na mmoja.
Visanduku vilitoka dukani, alikouza viatu mama.

Belarmino Tavares, darasa la nne.
Kilatini alikiomba kwa padri Anselmo
kama mtu aombavyo chumvi kwa jirani:
kidogo, na kesho tena.

Kadi ya kwanza niliyoishika: misuli.
"Panya mdogo. Warumi walitazama mkono ukikunjwa
wakaona kitu kinakimbia chini ya ngozi."
Nikakunja wangu palepale, nimeketi sakafuni,
nikamwona. Miaka hamsini namfuga
wala sikujua.

Okidi kaiandika kwa herufi ndogo kuliko zote,
maana masista walikuwa wakipitapita.
Viazi viwili vya mzizi wake, asema,
Wagiriki walivifananisha na vile viwili
anavyovichunga mwanamume akiruka uzio.
Jina lenyewe hakuthubutu. Alichora mayai.

Malaria: "Hewa mbaya, kwa Kiitaliano."
Chini yake, wino mwingine, mwaka mwingine:
"Hewa ilisingiziwa. Mbu alikuwa nyuma yake, kimya."

Na hii, iliyochakaa kwa kushikwashikwa:
"Daktari mpasuaji. Kigiriki:
afanyaye kazi kwa mkono.
Basi na mimi."

Zipo arobaini na tatu zisemazo
asili haijulikani, na hapo hapo akanyamaza.
Hakubuni. Hakuweka hadithi tamu kuziba tundu.
Mimi nimekaa mbele ya madaktari wengi;
hakuna aliyeniandikia hivyo.

Mboni ya jicho: "Mwanasesere.
Msogelee mtu sana, utajiona humo,
kadogo, umevaa koti."
Nyuma ya kadi kuna tarehe.
Nimehesabu kwa vidole, nikarudia:
miezi kumi kabla ya kuzaliwa kwangu.

Kisanduku cha kumi na nne (buti za kike, nyeusi, namba thelathini na saba)
kilifungwa kwa kamba, mafundo mawili.
Saratani: "Kaa. Waganga wa kale waliona mishipa
imevimba kandokando ya uvimbe kama miguu yake."
Hapana mzaha hapa. Kalamu imekandamizwa
hadi maneno yanapapasika upande wa pili.
Nami, kwa lugha hii ninayoandikia,
namwongezea ambacho padri asingempa:
kaa wa majini, aendaye upande;
kaa la moto, liwezalo kungoja chini ya majivu;
na neno tunalomwambia mgeni
tukimsogezea kiti.
Alikaa nyumbani kwetu miezi tisa.

Mwenye duka la vitu vya kale amekuja Jumanne.
Amevitaka visanduku, hasa vile vyenye chapa.
Kadi, kasema, ninaweza kubaki nazo.

Kwa hiyo nazimwaga mezani, na ya mwisho kuanguka
ni ile ya mgonjwa. Kilatini: "avumiliaye."
Ufafanuzi safi, wa kuchapishwa kitabuni.
Ila pembeni, kwa penseli, baba kasahihisha:
"Si Eulália."

Si Eulália, kweli. Si yeye,
aliyemrushia muuguzi supu ya kabeji na bakuli lake,
akakataa kuitwa bibi, akakataa sala fupi,
akataka divai, akaipata,
na usiku wa mwisho, baba amemshika mguu
kama anayempima kiatu,
alikuwa akibishana naye bado, sauti imebaki uzi tu,
kwamba njugu za kuchoma za pale darajani
zimepanda bei, na kwamba yeye
hatalipa.